Besi na Rova Zisiposikilizana: Funzo la Gulwe kwa Upimaji Wetu

Ofisi nyingi za upimaji wa ardhi katika nchi yetu, Bara na Visiwani, zimekwisha kuuweka kando mnyororo wa chuma na kushika mashine zinazopokea ishara za setilaiti. Hayo ni maendeleo ambayo mtu mwenye kuitakia mema nchi hii hawezi kuyabeza. Kazi iliyokuwa ikichukua wiki sasa huweza kukamilika kwa siku moja, na mpimaji na msaidizi wake hufanya yale yaliyokuwa yakihitaji kundi zima la watu wa kufyeka vichaka na kushika bendera.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo kwa maoni yetu halijapewa uzito unaostahili, nalo ni mawasiliano ya redio baina ya mashine hizo. Ni rahisi ofisi kutenga fedha nyingi kwa ajili ya mashine mpya, kisha ikaziacha zizungumze kwa redio za zamani, antena fupi, betri iliyochoka na masafa yasiyokatiwa leseni. Rai yetu leo ni kwamba kiungo cha redio si pambo la mashine. Ni nusu ya mashine yenyewe, na hakina budi kuboreshwa pamoja nayo.

Ili rai yetu ieleweke, tunawaomba wasomaji watufuate hadi Gulwe.

BONDE LA GULWE

Msomaji wa Visiwani asiyepata kufika huko na afahamu kwamba Gulwe ni kituo cha Reli ya Kati katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Reli hiyo, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Ikitoka Kilosa, ambako ardhi iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, hupanda polepole kuelekea Dodoma iliyo kwenye mita 1,100 hivi. Njia yake ya kupandia ni bonde la mto uitwao Mkondoa upande wa chini na Kinyasungwe upande wa juu.

Bonde hilo limekuwa neema na balaa kwa wakati mmoja. Mvua zikinyesha kwa nguvu katika nyanda kame za Ugogo, maji hushuka kwa ghafla yakibeba mchanga, mto huhama njia yake, na reli hubaki ikining'inia hewani. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya reli baina ya Kilosa na Gulwe, hata safari zikasimama kwa miezi kadhaa. Reli mpya ya umeme, ambayo safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024, nayo hufuata ukanda huo huo baada ya kupita katika mahandaki ya milima ya Kilosa.

Mhandisi anayetaka kujua tuta la reli liinuliwe kiasi gani, au kalavati lielekezwe wapi, hana budi kwanza kupewa vipimo vya ardhi vilivyo sahihi kwa sentimita. Tuchukue mahali ambapo ardhi huteremka mita 1 tu katika kila kilomita 1. Hapo kosa la nusu mita katika kipimo cha kimo ni sawa na nusu ya mteremko wote wa kilomita nzima. Mtaro uliochimbwa kwa kipimo cha namna hiyo unaweza kuyarudisha maji kule kule yalikotoka.

MASHINE MBILI, KAZI MOJA

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ishara zake hupita katika tabaka za anga, na humo hucheleweshwa na kupotoshwa. Kwa hiyo mashine moja ikiachwa peke yake, mathalani ile iliyomo ndani ya simu ya mkononi, huweza kukosea kwa mita kadhaa. Kosa hilo halimdhuru anayetafuta nyumba ya jamaa yake, lakini halifai hata kidogo kwa anayesimika jiwe la mpaka.

Wapimaji waliitatua shida hii kwa kutumia mashine mbili. Ya kwanza, iitwayo besi, husimamishwa juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana barabara, na haihamishwi. Ya pili, iitwayo rova, hubebwa na mpimaji juu ya fimbo kutoka alama hadi alama. Besi, kwa kuwa imekwisha kuambiwa mahali ilipo, humsaidia mwenzake kulijua kosa la anga la saa ile. Kila sekunde huipelekea rova habari za setilaiti inazoziona, na rova hulinganisha habari hizo na zake, ikafuta makosa yaliyo sawa kwa zote mbili. Mambo yakienda vyema, kosa la mita hushuka likawa la sentimita 1 au 2. Wataalamu huiita njia hii RTK.

Sasa, habari hizo za kila sekunde hupita wapi? Hupita kwa redio. Redio ikinyamaza, rova hustahimili kwa muda mfupi tu, kisha hupoteza uhakika wake. Badala ya kutoa jibu lililokazwa, hutoa jibu linaloelea, ambalo kosa lake huweza kufika nusu mita au kupita. Hatari ni kwamba namba bado zitaonekana kwenye kioo, zikiwa na tarakimu nyingi baada ya nukta, na mpimaji aliyechoka kwa jua la saa nane anaweza kuziandika kama zilivyo. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Rova isiyoisikia besi yake ni mkono mmoja.

BOMBA JEMBAMBA

Watu wengine wanaweza kuuliza: Ikiwa redio za zamani zilifanya kazi miaka 20 iliyopita, kwa nini leo zihitaji kubadilishwa? Jibu liko angani. Zamani mashine nyingi zilitegemea setilaiti za GPS za Marekani peke yake. Leo mashine mpya huzisikiliza pia GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China. Wingi huo ni faida kubwa mahali kama Gulwe, ambako milima huficha sehemu ya anga, kwani setilaiti ikifichwa na kilima upande mmoja, nyingine itaonekana upande wa pili.

Lakini kila setilaiti inayoongezwa huongeza maneno katika ujumbe unaotumwa na besi. Redio ya zamani yenye mwendo wa biti 4,800 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya herufi 600 katika sekunde moja, hata ikiwa haipotezi chochote njiani. Ujumbe wa makundi manne ya setilaiti huweza kuzidi kiasi hicho. Ndipo hutokea kwamba ofisi imenunua mashine ya kusikiliza anga nzima, ikaifunga kwenye redio isiyoweza kusimulia hata nusu ya kilichosikika. Ni sawa na kuchimba kisima kikubwa na kukifunga bomba jembamba.

Redio mpya huwa na mwendo wa biti 9,600 au 19,200 kwa sekunde, na nyingi zina namna ya kurekebisha zenyewe makosa madogo ya njiani. Hata hivyo haitoshi kuibadilisha redio ya upande mmoja. Redio ya besi na ya rova lazima zikubaliane kwa mambo manne: masafa, upana wa njia, mwendo wa biti, na utaratibu wa kupanga ujumbe. Upana wa njia umewachanganya wengi. Redio nyingi za zamani zilitumia kilohezi 25, na mpya hupendelea kilohezi 12.5 ili masafa yatoshe watumiaji wengi. Nchini Marekani, tangu Januari 1, 2013, wenye leseni katika sehemu kubwa ya masafa haya walilazimishwa kuhamia upana huo mdogo. Redio ya upana mmoja haisikilizani vyema na redio ya upana mwingine, ingawa kwenye karatasi zote mbili zimeandikwa masafa yale yale.

Hatusemi kwamba rova za zamani zitupwe. Besi mpya huweza kuamriwa iseme lugha fupi na ya kale ili rova za zamani ziielewe, na redio nyingine huweza kubadilishwa kwa kuwekewa programu mpya bila ya kununuliwa nyingine. Tunachosema ni kwamba mambo haya yapimwe na kuandikwa kabla ya hati ya ununuzi kutiwa saini. Wakati wa kuyagundua si ule ambao gari limekwisha kufika Gulwe.

KIMO KULIKO NGUVU

Linapokuja suala la umbali, wengi hukimbilia kuongeza nguvu za redio. Redio ndogo iliyo ndani ya mashine huwa na nguvu ya wati 1 au 2, na ya nje huweza kufika wati 35. Mawimbi ya redio hizi, ambayo aghalabu huwa kati ya megahezi 400 na 470, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima kikikaa kati, nguvu pekee haitoboi kilima.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika nchi tambarare, antena ya besi ikiwa mita 2 kutoka ardhini na ya rova mita 2, upeo wa kusikilizana ni kilomita 12 hivi. Antena ya besi ikiinuliwa hadi mita 9, upeo huo hufika kilomita 18. Mlingoti wa mabomba mepesi na kamba tatu umefanya kazi ambayo wati nyingi zisingeifanya. Aidha, anayetaka kufika mbali mara mbili kwa nguvu peke yake, hata pasipo kizuizi chochote, hulazimika kuiongeza mara nne.

Hapa tena yapo mambo madogo yenye kuleta hasara kubwa. Waya mwembamba wa antena wenye urefu wa mita 10 huweza kumeza nusu ya nguvu kabla haijafika kileleni. Redio ya wati 35, wakati inapotuma, hudai umeme unaokaribia wati 100, na betri dhaifu huanza vizuri asubuhi ikazimika adhuhuri. Antena iliyokatwa kwa masafa mengine hurudisha nguvu ndani ya redio na kuiunguza. Waya mnene, betri nzuri na antena sahihi ni vitu vya bei ndogo vikilinganishwa na mashine, lakini ndivyo vinavyosahauliwa kwanza.

Katika bonde kama la Gulwe, lenye milima ya Kiboriani upande wa Mpwapwa na ya Rubeho upande wa kusini, dawa ni kuweka redio ya tatu juu ya mwinuko, ambayo hupokea ujumbe wa besi na kuurusha upya kwa rova iliyo nyuma ya kilima. Redio hiyo pia yataka betri, mlinzi na ruhusa ya mwenye shamba. Na tusisahau kwamba kosa la njia hii huongezeka takriban milimita 1 kwa kila kilomita baina ya besi na rova. Kurusha mawimbi mbali sana si ushindi. Afadhali kuihamisha besi kwenye alama iliyo karibu.

Neno moja zaidi kuhusu Gulwe. Mstari wa longitudo 36 hupita baina ya Dodoma na Gulwe, na mstari huo ni mpaka wa kanda mbili za ramani, ya 36 na ya 37. Tena, katika nchi yetu ramani za mfumo wa zamani wa Arc 1960 hutofautiana na hesabu za setilaiti kwa mita 300 hivi. Besi hutangaza kwa redio pia mahali inapodhani kuwa imesimama. Ikiwa imeandikiwa namba za kanda au mfumo usio wake, redio bora kuliko zote itausambaza uongo huo kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo, mpimaji aanze kazi na kuimaliza kwa kuipima alama nyingine inayojulikana.

MASAFA NI MALI YA UMMA

Masafa ya redio si shamba la asiye na mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ndiyo yenye kuyagawa na kuyatolea leseni, Bara na Visiwani. Besi hutuma ujumbe kila sekunde kutwa nzima. Ikikaa juu ya masafa ya mtu mwingine, humsumbua pasipo kumpa nafasi ya kupumua, na mtu huyo anaweza kuwa gari la wagonjwa au chombo baharini. Naye akisema, rova hupoteza ujumbe wake.

Tunapendekeza ofisi za umma zenye kazi za upimaji, yaani za ardhi, barabara, reli, maji na umeme, zikutane na kukubaliana juu ya masafa machache, upana mmoja wa njia na utaratibu mmoja wa ujumbe. Zikifanya hivyo, besi iliyosimamishwa na idara moja itazisaidia rova za idara nyingine katika bonde lile lile. Ni aibu besi mbili za Serikali moja kusimama hatua 100 kutoka kila moja, zikizibiana masikio.

INTANETI HAITOSHI PEKE YAKE

Wapo watakaosema kwamba zama za redio zimepita, kwa kuwa marekebisho ya besi sasa huweza kuletwa kwa intaneti ya simu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2004 upo utaratibu unaokubalika duniani wa kufanya hivyo, na kwamba vituo vya kudumu vya setilaiti hupunguza gharama, kwani mpimaji hahitaji kuacha besi na mlinzi porini. Tunaunga mkono vituo hivyo viongezwe. Lakini mtandao wa simu hujengwa kwanza penye watu wengi, ilhali reli, mabomba na mipaka ya vijiji hupita pasipo na watu. Milima inayozuia redio ya besi huzuia pia mnara wa simu.

Wengine watataja huduma za marekebisho zinazoshuka moja kwa moja kutoka angani. Galileo ilianza kutoa huduma ya bure ya namna hiyo Januari 2023, nayo hulenga usahihi wa sentimita 20 hivi kwa ulalo. Ni msaada mkubwa kwa kazi nyingi, lakini si kwa jiwe la mpaka wala kwa mtaro.

Basi busara ni kuwa na njia zote mbili, redio na intaneti, na kuongeza ya tatu, ambayo haina gharama: besi na rova ziagizwe kuhifadhi habari zao wakati wote. Redio ikikatika, hesabu itafanywa jioni ofisini, na safari ya kilomita mamia haitakuwa ya bure.

NASI WA VISIWANI

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akasema kwamba haya ni mambo ya Wagogo na reli yao. La hasha. Kisiwa cha Pemba ni vilima na mabonde, na mikarafuu na minazi yake huziba anga na kunyonya mawimbi ya redio, hasa majani yakiwa na maji ya mvua. Kuta nene za Mji Mkongwe hufanya hivyo hivyo. Unguja na Pemba zimetengana kwa kilomita 50 hivi za bahari, kwa hiyo besi ya kisiwa kimoja haiwezi kutegemewa na rova ya kisiwa cha pili.

Visiwani petu mwaka 2016 ulianza mradi wa kuvipiga picha visiwa vyote kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi iliyoshirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Picha hizo ni hazina. Lakini picha ya angani, ili iwe ramani ya kuaminika, huhitaji alama zilizopimwa ardhini, na hapo tunarudi kwenye besi na rova.

Nayo manufaa si ya wataalamu peke yao. Chukua shamba la eka tatu, kama yale waliyogawiwa wananchi kuanzia mwaka 1965. Likiwa na pande nne zilizo sawa, kila upande una mita 110 hivi. Mpaka mmoja ukisogezwa nusu mita kwa sababu ya jibu linaloelea, mita za mraba 55 zimehama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwengine. Hiyo ni nafasi ya nyumba. Ndugu wamegombana, na majirani wameacha kuzikana, kwa kipande kidogo kuliko hicho. Na mtu wa Mwanakwerekwe, ambaye amekwisha kuyaona maji ya masika yakisimama mlangoni pake, hahitaji kuelezwa thamani ya mteremko uliopimwa sawasawa.

WAJIBU WETU

Tunawaomba viongozi wanaohusika wazingatie yafuatayo. Mashine za upimaji zinunuliwe pamoja na redio, milingoti, waya na betri zinazolingana, na zisipokewe mpaka zijaribiwe porini, nyuma ya kilima, badala ya uwanja wa ofisi. Leseni ya masafa iombwe mapema. Redio za zamani zikaguliwe moja moja, na zile ambazo hazifai tena ziondolewe kwa jozi. Na vijana wetu katika Chuo Kikuu Ardhi, Chuo cha Ardhi Morogoro na vyuo vya Zanzibar wafundishwe redio kama wanavyofundishwa setilaiti, ili mpimaji ajue kwa nini rova yake imenyamaza, na awe na ujasiri wa kukataa kuandika namba asiyoiamini.

Ujasiri huo ndio tunaousisitiza kuliko yote. Mkuu wa idara anayemhimiza mpimaji arudi na ramani jioni hiyo hiyo, redio isikike au isisikike, ajue kwamba anaagiza kosa litakaloishi ardhini miaka mingi. Jiwe la mpaka halisemi lilipimwa kwa jibu gani. Watakaosema ni warithi wa shamba, mbele ya hakimu, na maji ya mto yatakapokuja kuutafuta mteremko ambao ramani ilidai kwamba upo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa tulionao ni mdogo, nao unazibika kwa gharama ya mlingoti, waya na leseni.